Wenye Majina na Wenye Jasho

Miongoni mwa kazi ambazo vijana wetu wa Unguja na Pemba wamezipata kutokana na kuenea kwa intaneti, ipo moja ambayo wazee wengi hawaijui, na ambayo hata baadhi ya wakuu wa idara zetu huisikia kwa mbali tu. Ni kazi ya kuwajengea tovuti watu wenye majina. Tunaposema watu wenye majina hatukusudii watu mashuhuri. Tunakusudia watu waliojiandikishia haki ya kutumia majina fulani katika intaneti, wakayaweka kwa mamia na pengine kwa maelfu, wakingoja siku ambapo mwenye haja nayo atakuja kuyanunua kwa bei kubwa. Watu hao wamo Marekani, Kanada, Uchina, Ujerumani na kwengineko. Wenyewe hujiita wawekezaji, na wapo wanaowaita walanguzi. Sisi tutatumia neno la kwanza kwa ajili ya adabu, na msomaji ataamua mwenyewe.

Yafaa kwanza jambo lenyewe lieleweke. Kila tovuti ina anwani yake, nayo huitwa jina la kikoa, kama yale majina yanayoishia kwa .com au .org, au kwa nchi yetu .tz. Jina hilo halinunuliwi likawa mali ya mtu milele, bali hulipiwa ada ya kila mwaka, na asiyelipa hulipoteza. Kampuni ya Verisign ya Marekani, inayoendesha daftari la majina ya .com, hutoza bei ya jumla ya dola 10.26 kwa mwaka tangu Septemba 2024, na majina yaliyomo katika daftari hilo yanazidi milioni 150. Udogo wa ada hiyo ndio asili ya biashara yote tunayoizungumza. Mtu aweza kulishikilia jina zuri kwa miaka ishirini kwa gharama ya baiskeli moja, hali ya kuwa mwenye kulihitaji kweli kweli atakuwa tayari kutoa thamani ya nyumba.

Neno kikoa lenyewe, kwa Kiswahili cha kwetu, asili yake ni chakula cha zamu. Leo tunakula kwa fulani, kesho kwa fulani, na kila mmoja hutoa chake. Wataalamu waliolichukua neno hilo wakalitia katika mambo ya intaneti hawakukusudia mzaha, lakini mzaha umo. Katika vikoa hivi vipya hakuna zamu. Aliyewahi ndiye alaye.

Wakaazi wa visiwa hivi hawahitaji kufundishwa maana ya ardhi kushikwa na mtu asiyeilima. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa mali ya Serikali na wananchi wakagaiwa eka tatu tatu ili wailime. Hatusemi kwamba jina la intaneti ni sawasawa na ardhi, kwani ardhi haiongezeki, na majina huweza kubuniwa kila siku. Hata hivyo majina mafupi, yenye maneno ambayo kila mtu huyatamka, yalikwisha zamani, na mwenye nalo moja yuko katika hali ya mwenye kiwanja cha kichaka katikati ya mji.

Jina la kwanza la .com liliandikishwa tarehe 15 Machi 1985 na kampuni ya Symbolics ya Marekani. Kwa muda wa miaka kumi uandikishaji ulikuwa bure, na ada ya dola 50 kwa mwaka ilianza kutozwa Septemba 1995. Walioona mbali wakati huo waliyachukua maneno ya kawaida ya Kiingereza, neno baada ya neno. Haukupita muda wakagundua kwamba hawana haja hata ya kungoja mnunuzi. Watu wengi walikuwa na tabia ya kuandika neno moja kwa moja katika kompyuta na kuliongezea .com, wakitaraji watafika mahali panapofaa. Mwenye jina aliweka hapo ukurasa mtupu wenye matangazo, na kila mgeni alipobofya tangazo, mwenye jina alipata senti zake. Kazi hiyo iliitwa kuegesha majina, kama gari linavyoegeshwa likangojwa. Mwaka 2004 kampuni ya Marchex ya Marekani ilikubali kununua akiba ya majina zaidi ya 100,000 kutoka kwa mfanyabiashara mmoja kwa kiasi cha dola milioni 164. Zilizokuwa zikileta fedha hizo ni kurasa za matangazo, hazikuwa tovuti zenye maarifa.

Afrika nayo iliguswa. Mwaka 2006 daftari la Kameruni, ambalo majina yake huishia kwa .cm, lilipangwa kwa namna ambayo kila jina lisiloandikishwa likiandikwa, mgeni hupelekwa kwenye kurasa za matangazo za mfanyabiashara wa Kanada. Sababu yake ni kwamba watu husahau herufi o wanapoandika .com. Kosa la kidole la mtu wa Ulaya likawa mapato, kwa kupitia bendera ya nchi ya Kiafrika.

Neema hiyo haikudumu. Watu waliacha kuandika majina kwa kubahatisha, wakazoea kuuliza mtambo wa kutafutia wa Google. Watangazaji nao wakaanza kuhoji kwa nini walipie wageni waliopotea njia. Mwaka 2012 Google iliifunga huduma yake ya kuwawekea matangazo moja kwa moja wenye majina yaliyoegeshwa. Ilipodhihiri kwamba kiwanja kitupu hakileti tena kodi, wenye majina wakaanza kutafuta mafundi wa kuwajengea. Hapo ndipo vijana wetu, na wenzao wa India, Ufilipino na Kenya, walipoingia.

Ugumu wa kwanza ni wa hesabu, na hakuna ufundi wa kompyuta unaoweza kuuondoa. Tuchukue mfano wa mtu mwenye majina 1,000. Ada yake tu ni zaidi ya dola 10,000 kila mwaka, awe ameuza jina au hakuuza. Akitaka kila jina lijengewe tovuti ya heshima, tuseme kwa dola 500 tu, atahitaji dola nusu milioni, na hapo bado hajamlipa mtu wa kuzitunza. Tovuti si nyumba ya mawe ambayo ikishaezekwa huachwa. Yataka habari mpya, yataka kulindwa na wezi, yataka mtu wa kujibu barua za wasomaji. Kwa hiyo mwenye majina elfu hujikuta akichagua baina ya kujenga majina matano vizuri na kuyaacha mengine, au kuyajenga yote ovyo.

Wengi walichagua kujenga ovyo. Kuanzia kiasi cha mwaka 2008 vilizuka vijitovuti vya kurasa tano, kila kimoja kikiwa na maneno yale yale yaliyogeuzwa kidogo, na matangazo yamekizunguka kama nzi. Februari 2011 Google ilibadilisha mpango wake wa kupanga majibu, badiliko lililojulikana kwa jina la Panda, na tovuti zenye maandishi hafifu zikashushwa daraja. Septemba 2012 likaja jengine, likapunguza faida ya jina kufanana tu na neno linalotafutwa. Kazi ya miaka mitatu ya wajenzi wengi ikawa haina wageni. Machi 2024 Google ilitangaza masharti mengine dhidi ya maandishi yanayozalishwa kwa wingi ili kudanganya mtambo, na dhidi ya desturi ya kulichukua jina lililoachwa na mwenyewe na kuitumia sifa yake ya zamani. Mwezi wa Mei mwaka huo huo ikaanza, huko Marekani, kuwapa watu majibu yaliyotungwa na mashine juu ya orodha ya tovuti, na anayepata jibu hapo ana sababu ndogo ya kuifungua tovuti. Fundi anayeahidiwa leo kwamba atagawiwa nusu ya mapato ya matangazo hana budi kuyapima mambo haya kabla ya kuitikia.

Ugumu wa pili ni mkubwa zaidi, nao ni wa maslahi. Mwenye jina na mjenzi hawatazami upande mmoja. Mjenzi anataka miaka, kwani tovuti huota mizizi polepole. Mwenye jina anataka aweze kuuza kesho asubuhi akipata bei. Tena mara nyingi mnunuzi hana haja kabisa na kilichojengwa. Mwaka 2009 kampuni ya Toys "R" Us ililinunua katika mnada jina la toys.com kwa dola milioni 5.1. Mwaka 2019 jina la voice.com liliuzwa kwa dola milioni 30, na kilichouzwa kilikuwa jina tu. Kwa mnunuzi wa namna hiyo tovuti iliyopo ni kama migomba katika kiwanja cha mwenye kutaka kujenga hoteli. Ataikata siku ya kwanza.

Wenye majina hupenda kujibu kwa kisa cha business.com, nacho ni kisa cha kweli. Jina hilo liliuzwa mwaka 1999 kwa dola milioni 7.5, na watu wakacheka. Wanunuzi wakajenga juu yake orodha kubwa ya makampuni na huduma, wakaifanyia kazi kwa miaka kadhaa, na mwaka 2007 biashara nzima ikauzwa kwa kampuni ya R.H. Donnelley kwa kiasi cha dola milioni 345. Tofauti ya bei hizo mbili ni jasho la waliojenga, wala haikutoka katika herufi nane za jina. Wasimuliaji huishia hapo. Huwa hawaongezi kwamba R.H. Donnelley, iliyokuwa imeelemewa na madeni, iliomba kinga ya kufilisika mwaka 2009.

Tunawajua vijana watatu wa mjini hapa waliofanya kazi hii. Walikubaliana kwa ujumbe wa simu na mtu wa ng'ambo aliyekuwa na majina kumi na moja yanayohusu pwani yetu: fukwe, viungo, uvuvi, majahazi. Wao wajenge, yeye alipie ada, na mapato ya matangazo wagawane nusu kwa nusu. Walifanya kazi miezi kumi na minne. Mmoja aliandika, mmoja alishughulikia mitambo, na wa tatu alizunguka na kamera kutoka Nungwi hadi Makunduchi. Mapato yao katika muda huo hayakufika hata nauli ya daladala ya kila mmoja, lakini wageni walikuwa wakiongezeka na walikuwa na matumaini. Siku moja walipojaribu kuingia katika tovuti iliyokuwa ikifanya vizuri zaidi, neno lao la siri lilikataliwa. Jina lilikuwa limeuzwa pamoja na vyote vilivyokuwa juu yake. Walipouliza fungu lao walijibiwa kwamba mapatano yalikuwa juu ya matangazo na hayakutaja bei ya jina. Jibu hilo lilikuwa sahihi kwa herufi zake, maana hapakuwa na karatasi nyengine. Yule mwenye kamera alitueleza kwamba fedha amekwisha zisahau. Kinachomkera ni picha ya mama yake akianika mwani huko Paje, ambayo bado imo katika tovuti ya watu asiowajua, na hana pa kwenda kuomba iondolewe.

Haki inatutaka tuuseme na upande wa pili. Wapo wajenzi, na sisi tumewaona, wanaopokea malipo ya mwanzo, wakaweka kurasa mbili, wakanyamaza. Wapo wanaonakili maandishi ya watu wengine na kumwachia mwenye jina aibu na kesi. Wapo wanaojenga bila kinga yoyote hata tovuti ikaingiliwa na wezi wa mitandao, jina likaingia katika orodha ya majina mabaya, na thamani yake ikaporomoka. Mwenye jina ambaye amelipa ada kwa miaka kumi na tano ana haki ya kuogopa kumpa ufunguo mtu aliyemjua jana. Kwa sababu hii hatuamini kwamba tatizo litaondoka kwa kuwalaumu wageni. Litapungua watu wakiandikiana kabla ya kuanza, jambo ambalo skuli zetu za kompyuta hazilifundishi hata kidogo.

Mapatano yenyewe hayahitaji wakili wa bei ghali. Kazi ya kujenga ilipwe kwa fedha taslimu hata kama ni kidogo, na fungu la mapato liwe nyongeza, kwa maana fungu la kitu kisichokuwepo halijazi chungu. Iandikwe kwamba jina likiuzwa mjenzi atapata sehemu fulani ya bei, au atalipwa kiasi kilichotajwa, na kwamba ataarifiwa siku kadhaa kabla. Maandishi na picha zibaki mali ya aliyezifanya mpaka alipwe. Na mjenzi aliangalie jina lenyewe kabla ya kuligusa, kwani tangu 1999 upo utaratibu wa shirika la ICANN, linalosimamia majina ya intaneti, ambao kwa huo mwenye alama ya biashara aweza kulidai jina lililochukuliwa kwa nia mbaya na akakabidhiwa. Jina likiondoka kwa njia hiyo, tovuti inakuwa imejengwa juu ya mchanga wa maji kujaa, na mjenzi hatafidiwa na mtu.

Lipo pia swali ambalo tungependa vijana wenyewe walijibu. Ikiwa watatu hawa walikuwa na mwandishi, fundi na mpiga picha, walikuwa wamepungukiwa na nini isipokuwa jina? Jina la kwao chini ya .tz, linalosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, lisingewashinda kulipia kwa kuchangishana. Pengine lisingekuwa na neno zuri la Kiingereza, na lingechukua muda mrefu zaidi kujulikana. Lakini hiyo miezi kumi na minne ingekuwa yao. Wakila kikoa kwa maana yake ya zamani, kila mmoja akitoa chake kwa zamu, hakuna atakayewafungia mlango usiku.

Tuje sasa kwa viongozi wetu, kwani mambo haya yanawahusu wao zaidi kuliko wanavyodhani. Utalii ni tegemeo kubwa la fedha za kigeni katika visiwa hivi, na mtalii huanza safari yake kwa kuandika jina la mahali. Serikali ya New Zealand, ambao ni wenzetu kwa kuwa watu wa visiwani, ilikwenda mwaka 2002 katika baraza la usuluhishi la Shirika la Miliki Duniani kulidai jina la newzealand.com kutoka kwa kampuni ya Marekani iliyokuwa ikishikilia majina ya nchi mbalimbali. Ilishindwa. Jina la nchi halikuhesabiwa kuwa alama ya biashara. Mwaka 2003 ikalinunua kwa dola milioni moja za huko kwao, ikalikabidhi kwa shirika lake la utalii, na hadi leo ndiyo anwani wanayowakaribishia wageni. Funzo walilolilipia dola milioni sisi tunaweza kulipata bure. Sheria ya kimataifa haitulindi sana katika jambo hili, na bei hupanda kila mwaka tunapochelewa.

Wapo wanaotuuliza kwa nini Zanzibar isiwe na alama yake katika intaneti kama kisiwa cha Anguilla, ambacho kina watu kiasi cha 16,000 na ambacho kutokana na alama yake ya .ai kilipata kiasi cha dola milioni 32 za Marekani mwaka 2023, zaidi ya moja ya tano ya mapato ya serikali yake. Jibu ni kwamba alama hizo hufuata orodha ya kimataifa ya nchi na maeneo, na katika orodha hiyo sisi tumo ndani ya .tz. Anguilla ilibahatika tu kwamba herufi zake mbili ndizo ufupisho wa akili mnemba kwa Kiingereza. Bahati ya mwengine haipangiwi bajeti.

Lililo katika uwezo wetu ni dogo na halina fahari. Ni kujua tuna majina gani, yameandikishwa kwa jina la nani, na ada yake inakwisha lini. Tovuti za taasisi hujengwa na mkandarasi, na mara nyingi mkandarasi huliandikisha jina kwa jina lake mwenyewe, au karani wa zamu hutumia barua pepe yake binafsi. Mkandarasi akigombana na idara, au karani akihamishwa, hati ya kudai ada humfikia mtu asiyehusika tena. Katika majina ya .com, siku ya ada ikipita, msajili aweza kumvumilia mwenye jina hadi siku 45. Baada ya hapo hufuata siku 30 za kulikomboa kwa malipo ya ziada, kisha siku 5 ambazo hakuna awezaye kufanya lolote, na baadaye jina hufunguliwa kwa yeyote. Wapo wawekezaji wenye mitambo inayoingoja dakika hiyo usiku na mchana, katika pande zote za dunia, na wakilipata watalitangaza kwa bei wanayoitaka wao.

Tunaiomba kila idara, shirika na halmashauri yenye tovuti iulize wiki hii ni nani anayeipokea hati hiyo, na kama bado yumo kazini.